Insha ya Kuomba Nafasi

Mwanafunzi anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo huandikishwa insha isiyofanana na yoyote aliyoandika shuleni. Haulizwi maana ya methali wala faida za kilimo. Huulizwa yeye ni nani. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani humpa nafasi ya maneno 650 tu, na katika uwanja huo mdogo hutakiwa kujieleza kwa mtu asiyepata kuiona barabara ya Jogoo wala kusikia makelele ya Gikomba. Hamu hii si ngeni kwetu. Mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, na tangu hapo kila kizazi kimetazama upande huo.

Mwisho wa mwaka 2025, baada ya mtihani wa kidato cha nne, binti mmoja niliyemfundisha alibisha hodi kwangu Jericho akiwa na karatasi mbili.

"Mwalimu," alisema, "nitume ipi?"

Ya kwanza ilimhusu mama yake, muuza mitumba. Ilikuwa safi, nayo ilikuwa baridi kama chai iliyosahauliwa mezani. Ya pili ilihusu tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha hata wakaingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kaka yake alikuwa katika maandamano yale. Baba yake, mtumishi wa serikali, alikuwa amemkataza kuituma. Alihofia kazi yake, na alihofia viza pia, maana tangu Juni 2025 Marekani imewataka wanaoomba viza za masomo waziache wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii zikaguliwe.

Sikumjibu upesi. Nilikuwa na deni la zamani katika jambo hili.

Januari 2008, nilipokuwa na miaka kumi na saba, mtaa wetu uligawanyika baada ya uchaguzi. Jirani yetu, mama mwenye watoto wawili, alijificha kwetu siku tatu. Mama yangu alipika ugali pazia likiwa limefungwa, akaugawa katika sahani saba badala ya nne. Usiku wa pili vijana walibisha mlangoni. Mimi ndiye niliyefungua, nikawaambia hakuna mtu. Mmoja wao nilikuwa nacheza naye mpira kila jioni. Alinitazama kwa muda, kisha akawaambia wenzake waondoke. Mpaka leo sijui kama aliniamini.

Mwaka 2010 niliomba msaada wa masomo ya chuo kikuu, nikaandika juu ya vurugu zile. Lakini niliandika nini? Niliandika kabila fulani ndilo lenye lawama, na viongozi fulani ni wanyama. Maneno ya kibarazani hayo, ambayo kila mtu alikuwa nayo. Ugali sikuutaja, wala mlango, wala yule rafiki. Katika mahojiano mzee mmoja aliivua miwani yake akaniuliza kwa upole, "Kijana, wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" Nilishikwa na kigugumizi. Msaada sikuupata. Nilikwenda chuo cha ualimu, na kazi hii naipenda. Hata hivyo swali lile halijaniacha.

Kwa hiyo niliisoma insha ya binti tena. Aya nne zilikuwa hotuba. Nafsi yake ilionekana katika mstari mmoja tu, aliposema alimwosha kaka yake macho kwa maji ya ndoo. Nilimuuliza, "Kaka yako anajua kwamba umemwandika?" Aliinama. Hakuwa amemwambia. Hapo niliona hatari ambayo baba hakuitaja: tulikuwa tukijadili ujasiri wake, na huku siri iliyokuwa ikitolewa ni ya mtu mwingine.

Sikumwambia atume wala asitume. Nilimwambia akamwombe kaka yake ruhusa, kisha aandike yale tu ambayo mwingine hawezi kuyaandika.

Alirudi baada ya wiki moja. Kaka alikuwa amekubali, kwa sharti jina lisitajwe. Hotuba ilikuwa imekwisha; mahali pake palikuwa na meza ya chakula. Mswada ulipoletwa ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16, na pendekezo hilo liliondolewa siku chache kabla ya maandamano. Baba alimwuliza mwanawe, "Mkate umeachwa, sasa mnatafuta nini?" Kaka alijibu kwamba mkate ulikuwa jambo moja tu kati ya mengi. Binti aliyekaa katikati yao alikwenda kuusoma mswada mwenyewe, kifungu kwa kifungu, na insha ilieleza alichokiona: juu ya mkate baba alisema kweli, na kaka naye hakukosea kusema yalibaki mengine. Alikiri kwamba hakujua ni nani wa kumwambia kwanza.

Nilimshauri ampe baba aisome kabla ya kuituma, ingawa niliogopa ataichana.

Mzee aliikaa nayo usiku kucha. Asubuhi aliirudisha bila neno. Alikuwa amesahihisha tarehe moja kwa kalamu nyekundu, na chini ya karatasi alikuwa ameweka shilingi mia mbili za kulipia kompyuta.

Majibu ya chuo bado hayajafika.