Sombe na Kisamvu
Kutoka Kalima hadi Bagamoyo tulikuwa wanne, mabegi mgongoni: pikipiki mpaka Kindu, kisha Kasongo, Uvira, Bujumbura, Kigoma, na treni hadi Tabora. Karne ya 19, Kiswahili kilikuja kwetu kutoka upande huo, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya Tippu Tip.

Sokoni Tabora mama aliomba sombe. Wauzaji wakacheka: sema kisamvu! Tangu hapo hadi pwani hakuuliza bei tena, aliniachia mimi. Iliniuma.

Sisi wanafunzi wa lugha tunazoea kusahihisha. Lakini neno linalotaja chakula cha kila siku Maniema si kosa. Katika kamusi, sombe lisimame pamoja na kisamvu, si chini yake.