Jiwe Jeusi Halivuti Sumu

Leo naandika juu ya nyoka, maana maharage yamekomaa na hapa Nakivale wengi wetu tunaingia shambani alfajiri au jioni, tena na kandambili.

Nyoka ninayemwogopa mimi si yule mrefu anayekimbia. Ni kifutu. Huyo hakimbii. Ni mfupi, mnene, rangi kama majani makavu, amelala tu njiani mpaka umkanyage. Sumu yake inavimbisha mguu na kuozesha nyama ungali unaishi.

Mwaka jana mtoto wa jirani, miaka 11, aliumwa jioni karibu na kifundo cha mguu. Baba yake akamfunga kamba kali chini ya goti, akampeleka kwa mzee mwenye jiwe jeusi. Sisi tuliotoka Kivu tunalijua jiwe hilo. Mzee akachanja kwa wembe, akaliweka, likashika. Watu wakasema, "Ona, linavuta." Saa nne zikapita hivyo. Nilipoitwa, uvimbe ulikuwa umefika pajani. Alipona hospitalini, ila vidole viwili vilikatwa na muhula mzima wa shule ukaenda.

Sasa sikilizeni. Jiwe lile kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linashika kwa sababu lina vitundu vidogo vinavyonyonya damu, kama kigae kikavu kinavyoshika kwenye ulimi. Sumu yenyewe imeshaingia ndani, jiwe haliifikii. Basi mbona watu wanapona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, na hata wenye sumu kuna siku wanauma bila kuitoa. Mtu kama huyo angepona hata ukimwekea kipande cha sabuni, lakini sifa inabaki kwa jiwe. Mzee wetu si mwongo. Ameona watu wakipona kwa macho yake. Nilimwambia, "Mzee, ukitaka weka jiwe lako, lakini muwe tayari juu ya pikipiki." Akacheka sana.

Kamba nayo ni mbaya. Inafungia sumu ya kifutu mahali pamoja na kukata damu, nyama inakufa haraka zaidi. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, funga mguu kwenye kijiti usichezecheze, mgonjwa asitembee. Usikate, usinyonye. Swila akitema sumu machoni, osha kwa maji safi mengi, si maziwa wala mkojo.

Mifugo pia inakufa. Mbuzi anaumwa mdomoni akila majani. Dada mmoja wa kijiji chetu alipoteza wawili, na hao ndio walikuwa karo.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa nyoka, na wanaobaki na ulemavu ni karibu mara tatu ya hao. Dawa ya kuzuia sumu ipo tangu miaka ya 1890, inatengenezwa kwa damu ya farasi. Lakini ni ghali. Fav-Afrique, iliyotumika sana Afrika, kiwanda kiliacha kuitengeneza 2014, na chupa za mwisho muda wake uliisha 2016. Kwa hiyo kabla ya kuumwa, ulizeni: dawa iko hospitali gani?

Kilichonipa moyo ni habari ya Nepal. Huko vijiji vilipanga watu wa kujitolea wenye pikipiki: mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, mwingine nyuma anamshika. Kabla, kati ya watu 100 walioumwa karibu 10 walikufa. Baadaye hata 1 hakufika.

Pikipiki hapa hazikosekani. Madereva wawili wa boda wa upande wetu wamekubali kuitwa usiku, namba zao nimezibandika kwenye bomba la maji. Nani atalipa mafuta, hapo bado tunabishana.