Hizo Sita ni za Karo

Pikapu ya Baba ilikuwa inabeba viazi kutoka Ol Kalou hadi Nairobi ikiwa imekalia matako. Nyuma chini, pua juu. Usiku taa zilimulika miti badala ya barabara, na madereva tuliokutana nao walituwashia taa kubwa kwa hasira. Baba naye aliwarudishia. "Watu wa siku hizi hawana adabu," alisema. Usukani ulikuwa mwepesi ajabu, kwa sababu tairi za mbele ziligusa lami shingo upande.

Ni Hilux. Inabeba kama tani moja, yaani gunia 20 za kilo 50. Baba alipakia 26. "Hizo sita ni za karo yako," alinikumbusha kila safari niliyomsindikiza.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo miezi minne iliyopita, na sikuwa nimemwambia.

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road akatushauri tuweke mifuko ya hewa. Ni mipira mizito, mmoja kila upande, inayokaa kati ya ekseli ya nyuma na fremu, kusaidia springi. Kila mmoja una valvu kama ya tairi. Zetu alizifunga karibu na namba ya gari. Gari ikiwa tupu unaacha hewa kidogo, kama psi 5, ili mpira usijikunje ukajibana. Ukipakia, unajaza mpaka gari ikae sawa. Alituonyesha pia alivyouweka mbali na ekzosi, maana joto lingeuchoma.

Tulijaribu na mzigo ukiwa juu. Pikapu ikainuka kama ng'ombe, matako kwanza. Baba akacheka, kitu hafanyi ovyo.

"Sasa tunaweza kuongeza nne."

Fundi akafuta mikono. "Hapana mzee. Hewa inainua gari, haiipi nguvu. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, tairi ni zile zile. Ukizidisha, hata fremu inaweza kupasuka. Na sasa hutajua umezidisha, juu gari itakuwa inakaa tu poa."

Niliangalia viatu vyangu.

Juma lililofuata Baba alipakia 30. Njiani tukasimama kituo cha petroli kuongeza hewa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma, geji mkononi, yeye amesimama juu yangu akihesabu gunia za karo. Sasa zilikuwa kumi. Nikamwambia nikiwa bado chini. Nilishindwa kusimama.

Hakupiga kelele. Alizunguka gari polepole, akigusa tairi moja moja kwa mguu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hizi zote nimekuwa nikimbebea nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka Marikiti hatukuongea.

Safari iliyofuata alipakia 20. Nilijaza hewa nusu ya ile ya kwanza, na gari ikakaa sawa. Kutoka Njabini hadi mjini hakuna aliyetuwashia taa.

Karibu na Limuru akakohoa. "Na hiyo kuandika kwako, wanalipa?"

"Wakati mwingine, Baba."

Akanyamaza kidogo, macho barabarani.

"Hata viazi ni hivyo."