Tola ya Babu na Maganda ya Risasi

Ndugu zangu wa ukoo,

Wengi wenu mliyaona mawe ya mizani ya marehemu babu mzaa mama, yale ya shaba, yaliyokuwa yamepangwa juu ya kabati la marehemu mama katika nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa. Na baadhi yenu, sina shaka, mmepata kulisikia lile neno lililotamkwa siku ya ugomvi wa mirathi: kwamba tola ya babu ilikuwa nyepesi. Aliyelitamka ametangulia mbele ya haki, na waliolisikia kwa masikio yao wamebaki wachache. Lakini neno la namna hiyo halizikwi pamoja na msemaji wake. Majira ya baridi yaliyopita nililipima neno hilo kwa mizani, tena mahali nisipopatazamia: katika chumba cha chini ya nyumba ya mpwa wangu, hapa Saint Paul, nilipokuwa nikimpangia maganda ya risasi.

Mpwa wangu huenda kaskazini mwa jimbo hili la Minnesota kila mwezi wa Novemba kuwinda kulungu, na risasi zake huzijaza mwenyewe. Ganda la shaba haliishi kazi kwa kupigwa mara moja. Husafishwa, hurudishwa umbo lake, hukatwa lipate urefu ulio sawa na wenziwe, kisha hutiwa fataki mpya, baruti, na kichwa kipya cha risasi. Mwaka huo alinunua mfuko wa maganda yaliyochanganyika katika mnada wa mali za mzee mmoja aliyefariki. Akaniambia, “Mjomba, wewe ulikaa na madaftari ya ukarani miaka thelathini. Nipangie haya kwa uzito, moja moja, uyaandike.”

Nikayageuza kutazama vitako vyake. Mengine yalikuwa na jina la Winchester. Mengine yalipigwa herufi TW na tarakimu mbili za mwaka, alama ya kiwanda cha jeshi kilichojengwa mwaka 1941 huko Arden Hills, kaskazini mwa miji hii miwili. Kwa muda mrefu kiwanda hicho kiliendeshwa na kampuni ya Federal, ambayo makao yake yako Anoka, jirani tu, tangu mwaka 1922. Kiwanda cha Arden Hills hakipo tena, ila maganda yake yangali yakizunguka mikononi mwa watu.

Yote yalikuwa ya bunduki ya aina moja, na kwa macho hayatofautiani. Juu ya mizani yalijitenga kama maji na mafuta. Ya Winchester yalisoma greni 158 hadi 163. Ya TW yalikaribia 182. Greni ni kipimo cha Kiingereza kilichotokana na punje ya nafaka. Ratili moja ina greni 7,000.

Nikamwuliza mpwa wangu tofauti hiyo ina ubaya gani, maadamu yote huingia katika bunduki ile ile. Akanieleza. Kwa kuwa umbo la nje ni lazima lilingane, shaba iliyozidi haina pa kukaa ila ndani, na ikikaa ndani hupunguza nafasi ya baruti. Shaba ya maganda, ambayo ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, ni nzito kuliko maji mara nane na nusu. Kwa hiyo greni 20 za ziada hula nafasi ya maji yapata greni mbili na theluthi. Hilo laonekana dogo, lakini kipimo cha baruti kilicho salama katika ganda jepesi, kikitiwa katika ganda zito, huweza kupandisha mgandamizo hata bunduki ikamdhuru mwenyewe. Ndiyo sababu makundi hayo hayachanganywi, na kila kundi hutafutiwa kipimo chake kwa kuanzia chini.

Akaongeza jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani. “Uzito si neno la mwisho, Mjomba. Shaba ya ziada yaweza kuwa imekaa kitakoni, isipunguze nafasi yoyote. Ukitaka yakini, lijaze ganda maji ulipime. Na usihukumu kwa ganda moja. Pima kundi zima.”

Nilipoandika 182 kwa mara ya kumi hivi, mkono wangu ulisita. Tola, kama Waingereza walivyoiweka Bara Hindi mwaka 1833, ni greni 180. Ganda la Arden Hills lilikuwa na uzito wa tola moja, takriban! Na tola ya babu, ile niliyorithi, ilikuwa nyumbani kwangu ndani ya kitambaa.

Nawakumbusha vijana kwamba babu alikuwa muuzaji wa udi, uturi na zafarani katika Mji wa Kale, na vitu hivyo vyote aliviuza kwa tola. Jiwe likiwa jepesi, anayepunjika ni mnunuzi. Sisi tuliosomeshwa chuoni twaijua Suratul Mutwaffifin na tunajua imeitwa kwa jina la watu gani. Kwa hiyo msidhani nililipeleka jiwe lile kwa moyo mwepesi.

Mpwa wangu alihakikisha kwanza mizani yake kwa jiwe lake la kuhakikishia. Kisha nikaliweka la babu. Likasoma 176.0. Nikaliondoa, nikaliweka tena. 176.0.

Nilikaa kimya. Zilikuwa zimepungua greni nne, yaani zaidi ya sehemu mbili kwa mia. Mpwa wangu hakunifariji. Aliniuliza tu, “Mawe mengine yako wapi?”

Usiku ule nilipiga simu. La tola tano lipo kwa dada yangu Mombasa, na la nusu tola lipo kwa binamu yetu, binti wa mjomba, Muscat. Kila mmoja alilipeleka lake kwa sonara. La nusu, ambalo haki yake ni gramu 5.83, lilisoma 5.67. La tano, ambalo haki yake ni 58.32, lilisoma 57.56. Nikazipanga hesabu daftarini: la nusu limepoteza karibu sehemu tatu kwa mia, la tola moja sehemu mbili na kidogo, la tano sehemu moja na kidogo.

Aliyewahi kumenya viazi ataelewa. Ukimenya kwa kisu kile kile, kiazi kidogo hupoteza fungu kubwa zaidi kuliko kiazi kikubwa, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na mwili wake. Mpunjaji hutoboa jiwe chini au hulikata ili apate tofauti aitakayo, wala hana haja ya kulipunja la nusu kwa kiwango hiki na la tano kwa kiwango kile. Kupungua kwa mpango huu ni kupungua kwa kusuguliwa. Chini ya jiwe langu hakuna tundu, na muhuri wa serikali umefutika hata hausomeki.

Na nani aliyeyasugua? Kila mkesha wa Idi marehemu mama aliyateremsha mawe yale akatupa majivu na ukwaju, nasi watoto tukashindana nani litang’aa lake. Duka lilikuwa limekwisha kufungwa zamani. Tuliendelea hivyo miaka na miaka, mpaka mawe yalipogawanywa baada ya mama kufariki.

Sisemi kwamba hesabu hii inaonesha jinsi babu alivyopima kila siku ya uhai wake. Hilo liko kwa Mola wake. Nasema kwamba upungufu tulioupata hauhitaji mwizi, kwa sababu mikono iliyoupunguza ule uzito twaijua. Miwili kati yake ndiyo ninayoandikia haya.

Jiwe la robo tola halijulikani liliko. Aliye nalo, awe Dubai, Toronto au Lamu, namwomba alipime kwa sonara aniletee hesabu yake, iwe inatuunga mkono au inatupinga. Na tafadhali, asilisugue kwanza.