Karani wa Mizani

Kazi niliyoifanya maisha yangu yote haina chuo. Nilikuwa karani wa mizani katika klabu ya uvuvi wa baharini, mojawapo ya zile zilizo pwani ya kaskazini ya Kenya. Jina lake naliacha, kwa kuwa nitasema mambo ya kamati na wengine wangali hai. Nilipima samaki, nikaandika ubaoni, nikashika redio ya boti, na mwezi ukiisha nikapiga chapa kurasa mbili tatu za habari za klabu, zikapelekwa kwa posta kwa wanachama wa Nairobi na Ulaya. Wanangu wakiulizwa shuleni baba yao anafanya kazi gani walijibu, "Anapima samaki," na wenzao wakadhani nina meza sokoni.

Nilizaliwa Shela, ile ya Malindi, si ya Lamu. Marehemu baba alivua kwa ngalawa na madema, na kwake habari ya watu kulipa fedha nyingi ili wapigwe jua siku nzima, kisha samaki wamwachie mwenye boti, ilikuwa kichekesho kisichokwisha. "Mwanangu, mwenye njaa ndiye anayevua," aliniambia nilipopata kibarua pale klabuni mwaka 1983. "Hawa wameshiba. Samaki wanamtakia nini?" Sikuwa na jibu. Mshahara ulikuwa wa kila mwezi, na ngalawa haina mwisho wa mwezi.

Nilianza kwa kubeba barafu na madebe ya dizeli. Aliyenifundisha mizani alikuwa mzee wa Kibajuni, mtu wa maneno machache, ambaye hakuamini chochote asichokiona kwenye sindano. Samaki hufungwa kamba mkiani, akavutwa juu kwa kapi mpaka pua iachane na sakafu. Hapo unawaondoa watoto na wapiga picha, unasubiri atulie, maana upepo humyumbisha na sindano hucheza. Ikituama, unasoma kwa sauti, shahidi anasoma naye, kisha unatoa uzito wa kamba. Hiyo kamba iliniletea ugomvi mwingi. Mgeni amepigana na nduwaro tangu saa nne hadi alasiri, mikono imevimba, wewe unamkata ratili mbili za kamba! Lakini ndiyo sheria. Makapteni nao walijua kuwa samaki akikaa juani hupungua, hivyo walimfunika kwa magunia yaliyolowa na kuja mbio.

Sheria zetu zilikuwa za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo kilichoanzishwa mwaka 1939. Mvuvi mmoja, rodi moja. Mtu mwingine akigusa rodi au mshipi kabla ya uzi mnene wa mwisho, ule tunaouita lidi, kufika mkononi mwa baharia, samaki huyo hahesabiki kwenye rekodi hata awe mkubwa kama nyumba. Kila mgeni alikuwa na ndoto moja: nduwaro mweusi wa ratili 1,560, sawa na kilo 707 na ushei, aliyevuliwa Cabo Blanco nchini Peru mwaka 1953 na Alfred Glassell. Rekodi hiyo haijavunjwa. Sisi riziki yetu ilikuwa sulisuli wa kilo ishirini na kitu hadi thelathini, na hao ndio waliojaza ubao.

Mwaka wa klabu haukufuata kalenda ya ukutani. Kusi likikaza, Mei mpaka Julai, boti zilivutwa pwani zikakwanguliwa na kupakwa rangi, na mimi nikahesabu ndoana stoo. Demani ilileta jodari. Kuanzia Novemba kaskazi ikaanza kuvuma, sulisuli wakaja kwa makundi wakifukuza vibua, na baada ya Mwaka Mpya ikawa zamu ya nduwaro, mweusi, wa buluu na wa mistari. Boti za Malindi zilikuwa na shida yao: Mto Sabaki ukifurika humwaga tope hadi ghuba nzima ikawa nyekundu, nazo zililazimika kwenda mbali mpaka zipate maji ya buluu. Pale mpakani, maji mekundu yanapogusana na ya buluu, ndipo kapteni mjuzi hukaza macho.

Jioni boti zilirudi na bendera. Kila aina ya samaki ina bendera yake, na aliyeachiwa baharini bendera yake hupandishwa kichwa chini. Kwa hiyo habari ilifika ufukweni kabla yangu. Waliozisoma bendera hizo vizuri kuliko mwanachama yeyote walikuwa mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki, wakakaanga na kuuza mitaani. Walikaa chini ya mkungu na karai zao, na kwa mbali kabisa walikuwa wanajua jioni hiyo kuna biashara au hakuna.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nililibeba miaka mingi. Ubao wetu ulikuwa na safu tano: tarehe, boti, mvuvi, samaki, uzito. Mvuvi maana yake ni mgeni aliyeketi kwenye kiti na kuzungusha rili. Kapteni hakuwamo, wala baharia. Na fikiria nani kafanya nini. Kapteni ndiye aliyechagua mahali, akasoma ndege na mkondo. Baharia ndiye aliyeshona chambo alfajiri kwa uzi na sindano, kipande cha tumbo la jodari kilichochongwa kiogelee sawasawa, maana kikizunguka sulisuli hakigusi. Sulisuli akitokea nyuma na kupiga kwa mdomo, baharia ndiye aliyesimama kando ya mgeni, akamwambia aulegeze mshipi, akahesabu kimoyomoyo na kumwambia, "Sasa." Mwisho wa pambano ni mkono wa baharia, wenye glavu, uliozungusha lidi na kumsogeza samaki ubavuni mwa boti. Nimewaona wenye makovu ya lidi hiyo hadi kwenye kifundo.

Simdharau mgeni. Kuna waliokuwa wavuvi hasa, wanaume kwa wanawake, na kukaa na nduwaro saa tatu si mchezo. Lakini Malindi ina historia ndefu ya kusahau majina. Rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka hapa hadi India mwaka 1498, wanazuoni wanabishana hadi leo alikuwa nani. Mwandishi Ernest Hemingway alivua hapa mwaka 1934, na wageni hawakuchoka kuniuliza habari zake. Majina ya mabaharia waliomfungia chambo sijayaona popote, wala hakuna mgeni aliyeniuliza.

Nilipeleka ombi kwa kamati: tuongeze safu moja, ya kapteni na baharia. Mwenyekiti wa wakati huo alinisikiliza kwa adabu, akasema boti ina jina na jina la boti latosha. Mwaka uliofuata nikarudia. Mwanachama mmoja akauliza kama ubao una nafasi. Nikamwambia ubao ni mbao, seremala yupo. Wakacheka, wakaenda kwenye ajenda nyingine.

Kilicholeta mabadiliko hakikuwa ombi langu. Ilikuwa tegi. Mwaka 1990 ilianzishwa African Billfish Foundation, na kuweka alama samaki kukashika kasi: unamsogeza sulisuli, unamchoma begani, chini kidogo ya pezi la mgongo, kwa mshale mdogo wenye uzi wa plastiki ulioandikwa namba, kisha unamwachia aende. Sulisuli akiwa na hasira huwaka rangi, buluu na zambarau, na akichoka hugeuka shaba; mabaharia wazuri humshika mdomo na kumvuta taratibu kando ya boti hadi rangi irudi na apige mkia mwenyewe. Kwa kila tegi kuna kadi: aina ya samaki, tarehe, mahali, makisio ya uzito, jina la mvuvi. Na jina la kapteni.

Mizani yangu ikaanza kupata kutu. Mwanzoni niliona uchungu, sikatai. Tulikuwa na hesabu ya kukadiria: urefu kwa inchi, mara mzingo, mara mzingo tena, ugawe kwa 800, upate ratili. Samaki wa inchi 80 mwenye mzingo wa inchi 27 anakuja ratili 73 hivi, karibu kilo 33. Lakini samaki anayepigapiga majini humpimi, kapteni anakisia kwa jicho. Basi habari zote za klabu, zilizokuwa zinasimama juu ya sindano na shahidi, sasa zikawa zinasimama juu ya neno la kapteni. Nikarudi kwa kamati na kadi mkononi: kama neno lake ndilo ushahidi wetu pekee, jina lake lisiandikwe vipi? Seremala akaja wiki ile ile.

Isidhaniwe kuwa makapteni wote walishangilia. Kadi ilidai mahali, na hakuna kapteni anayetangaza mahali pake. Kwa miezi kadhaa, kwa mujibu wa kadi, samaki wote wa Bahari ya Hindi walikuwa Ngomeni, karibu na yale majukwaa ya Wataliano yaliyorushia satelaiti miaka ya 1960 hadi 1988. Mimi ndiye niliyekuwa natoa dizeli. Boti iliyorudi na tangi karibu tupu haikuwa imeishia Ngomeni. "Kapteni," nikamwambia mmoja, "Ngomeni hii imehama?" Akacheka, akachukua kalamu, akaandika ukweli, ila akanitaka niiweke kadi kwenye bahasha na niifunge mbele yake.

Waliopoteza ni mama karanga. Mmoja wao, aliyeniuzia samaki wa kupaka tangu nikiwa kijana, alinishika mkono siku bendera zote zilipokuja kichwa chini. "Karani," akasema, "habari ya samaki aliyerudi baharini hukaangwa vipi?" Swali hilo nililiandika katika habari za mwezi ule, na ndilo lililoletewa barua nyingi kuliko rekodi yoyote. Jodari, nguru na felusi waliendelea kuletwa pwani, lakini yeye hakuwa amekosea: uhifadhi ulianza kwa kulipwa na yeye. Maoni yangu ni kwamba kuachia sulisuli ni sahihi, na kwamba klabu iliyoamua hivyo ilipaswa kukaa kwanza na wale wanawake. Haikukaa.

Redio nayo ilinipa siku zake. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 msimu ulikuwa umepamba moto. Mchana tsunami ikatufikia: bahari ikarudi nyuma, boti zilizotia nanga zikakaa juu ya mchanga, kisha maji yakaja na kuzizungusha kama majani ya chai. Waliokuwa mbali baharini hawakuhisi kitu. Niliwaita boti baada ya boti, nikiwaambia wasije, wakae maji marefu. Kapteni mmoja alidhani nimechanganyikiwa. "Ndugu yangu, huku shwari," alinijibu. Wote walirudi salama jioni. Kenya nzima ilipoteza mtu mmoja siku hiyo, na nchi nyingine, sote twajua.

Baadaye ikaja miaka mibaya: ghasia za uchaguzi wa 2007, maharamia wa Kisomali, watu kutekwa Lamu mwaka 2011, halafu korona. Msimu mmoja ubao ulibaki mweupe wiki nzima katikati ya Januari. Mabaharia wakarudi kwenye nyavu za ndugu zao, na wengine hawakuonekana tena kwenye boti za mchezo.

Nimestaafu. Safu ya sita ingali ubaoni, na nimeona vijana wakija na simu kupiga picha jina la baba yao.

Kwako msomaji uliye mvuvi, kuanzia Lamu hadi Mafia: ukimvuta sulisuli au nduwaro mwenye uzi wa plastiki begani, usiutupe. Soma namba yake. Mpime samaki kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia. Andika tarehe na mahali, pa kweli, si Ngomeni, kisha upeleke ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe au African Billfish Foundation pale Watamu. Na uandike jina lako, la baba na la babu.