Siku Moja katika Bustani ya Como

Mwezi wa Juni kwetu Iringa ni mwezi wa baridi. Watoto huenda shule wamevaa sweta juu ya sweta, na Mbeya ndiyo zaidi. Basi tulipoambiwa kwamba tutasafiri kwenda Marekani Juni ya mwaka 2019, tulifungasha makoti. Tulikuwa akina mama sita wa kikundi cha kanisa katika Dayosisi ya Iringa, ambayo kwa miaka mingi ina ushirikiano uitwao Bega kwa Bega na Walutheri wenzetu wa Saint Paul, jimbo la Minnesota. Makoti yale hatukuyatoa kwenye masanduku hata siku moja. Huko ilikuwa kiangazi, joto la kutoa jasho, na jua halikuzama mpaka saa tatu za usiku. Mmoja wetu aliuliza kama wenyeji wetu hula chakula cha jioni mchana.

Siku ya Jumamosi rafiki zetu wenyeji walitupeleka Bustani ya Como, iliyo ndani kabisa ya jiji. Tulidhani ni bustani ya maua na viti vichache. Kumbe ni eneo la karibu hekta 150, lenye ziwa lake, miti mikubwa, mahali pa kuchezea watoto na wanyama wa kufugwa kwa maonyesho. Wanyama walianza kuwekwa pale mwaka 1897. Kiingilio hakuna, lipo sanduku la sadaka, mwenye nacho anatoa. Tuliona familia nyingi zimetandika mablanketi kwenye nyasi, baba ndiye anayechoma nyama na mama amekaa. Jambo hilo tulilitazama kwa makini sana.

Tulianzia nyumba kubwa ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1915. Ndani kuna joto na unyevu kama Kyela, na nje ukienda Januari maji ya ziwa yameganda kiasi cha watu kutembea juu yake. Humo tulioneshwa, kama vitu vya ajabu, mgomba na mbuni! Mwenzetu mzaliwa wa Mbeya, aliyekulia kwenye kahawa, aliushika mbuni jani moja, akasema umepandwa kwenye kivuli kizito mno hautazaa vizuri. Kisha akawasimulia wenyeji habari za Kitulo, uwanda wa juu ambao watu huuita Bustani ya Mungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na kwamba maua yale hayana kioo wala mtu wa kuyamwagilia. Rafiki yetu mmoja naye akatuuliza kama tunalijua ua dogo la zambarau alilokuwa nalo dirishani nyumbani kwake. Jina lake la kitaalamu la zamani ni Saintpaulia. Alidhani limeitwa kwa jina la jiji lao. La, asili yake ni milima ya Usambara kwetu Tanzania, na limeitwa kwa jina la Mjerumani mmoja, Baron von Saint Paul, aliyekuwa Tanga zama za ukoloni. Tulicheka sana.

Kutoka hapo tukaenda kwa twiga. Msituulize kwa nini mtu atoke Iringa akashangae twiga Marekani. Twiga tunawaona kila basi linapopita Mikumi, lakini basi halisimami. Na Hifadhi ya Ruaha iko kilometa kama 130 tu kutoka mjini Iringa, ila ni wangapi kati yetu tumewahi kuingia? Tulisimama pale muda mrefu kuliko watoto wa Kizungu.

Hapo ndipo tulipokosea. Bibi yetu, mkubwa wetu wa safari, mwenye miaka sabini na miwili, magoti yalikuwa yamemchosha, akasema atakaa kwenye kiti kivulini. Wenzetu watatu walikwenda kuona farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, wengine tukafuata choo. Kila upande ulidhani upande mwingine umebaki na bibi. Tulipokutana ilikuwa saa tisa alasiri, na kiti kilikuwa kitupu.

Bibi hajui Kiingereza. Hakuwa na simu. Na jambo lililotukata maini sisi tulio wauguzi ni kwamba bibi ana kisukari, asubuhi tulimpa wenyewe vidonge vyake, vya namna ile inayoshusha sukari hata kama mtu hajala, na kikapu cha chakula cha mchana tulikuwa nacho sisi. Wagonjwa wa namna hiyo tumewapokea wodini mara nyingi, tukawauliza ndugu zao kwa ukali, mlikuwa wapi? Siku hiyo swali lilikuwa letu. Tulikimbia huku na huku, na wenyeji wakaenda kuwaarifu wafanyakazi wa bustani.

Tulimkuta karibu na ziwa, kwenye blanketi la familia ya Kisomali. Bibi alikuwa amehisi kutetemeka, jasho jembamba likamtoka, akainuka kututafuta akapotea njia. Mama mmoja mwenye hijabu alimwona anayumba, akasoma maandishi ya khanga yake, akamwambia, "Shikamoo, bibi. Kaa hapa." Mama huyo alikimbia vita kwao, akaishi Mombasa miaka ya 1990 kabla ya kufika Minnesota, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizuri kuliko cha baadhi yetu. Bibi alimwambia neno moja tu, "Sukari." Alinyweshwa maji ya machungwa, kisha akapewa sambusa. Tulipofika alikuwa anakula ya tatu.

Tulipima mapigo yake ya moyo, tukaomba radhi, tukalia kidogo. Yule mama hakutugombeza. Aliuliza tu, "Na ninyi ni wauguzi?"

Jioni ile kila mmoja wetu alishona mfuko mdogo ndani ya nguo, wa kuweka peremende na karatasi yenye jina na namba ya simu ya mwenyeji. Hata kwenye mikutano yetu ya Iringa bado tunaivaa.

Bibi alivua khanga yake ya juu akampa yule mama, naye akajifunga mabegani hapo hapo juu ya hijabu. Rafiki zetu walitaka turudi nyumbani mara moja, bibi apumzike. Bibi akakataa. Alikuwa amesikia kuna dubu weupe wa kutoka kwenye barafu, na sisi sote tumekwisha kupita kwao wakati yeye amekaa kwa twiga. Tukarudi, sita wote, bibi katikati akiwa ameshikwa mikono miwili kama mtoto, mpaka tulipowakuta wawili, mmoja amelala chali ndani ya maji.

"Huyu naye joto limemshinda," bibi akasema.