Kilo za mbuni zilipogeuka makato

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nawapa kisa kilichonipata nikiwa bado mchanga katika Java, nacho kinahusu jambo linaloonekana dogo kabisa: kugeuza objekti kuwa arei ya fildi.

Kwetu ni Mikinduri, kule Tigania. Watu wakisikia Tigania hufikiria miraa tu, lakini kahawa pia tunayo. Mkulima hupeleka cheri kiwandani, zinapimwa, anapewa risiti. Pesa huja baadaye sana, na kabla hajalipwa anakatwa mkopo wa mbolea na chochote alichochukua mapema. Chama kimoja cha ushirika (sitakitaja) kiliniomba niwaandikie programu ya kutoa faili la malipo: wakulima wote kwa mkupuo mmoja usiku, mstari mmoja kwa kila mtu.

Ndani ya programu mkulima ni objekti. Ana nambari, kilo na makato, kila kitu kwa jina lake. Faili la koma halijui majina. Linajua nafasi tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa hiyo hapo katikati lazima pawe na kitu cha kuvua majina na kuzipanga thamani foleni. Mimi kwa uvivu (wakati ule niliuita ujanja) nikatumia getDeclaredFields: Java yenyewe iniorodheshee fildi za klasi, mimi nizitie tu kwenye arei. Mistari sita ya kodi. Ikafanya kazi msimu mzima.

Msimu uliofuata wakataka niongeze mbuni, ile kahawa inayokaushwa na ganda lake. Tulikubaliana nafasi mpya ikae mwisho wa mstari, kwa sababu programu ya upande wa pili ilikuwa bado haijabadilishwa. Lakini ndani ya klasi, kwa kupenda unadhifu, niliiandika chini ya kilo za cheri, juu ya makato. Mmeona? Upande wa pili ulisoma nafasi ya tatu kama makato, na nafasi ya tatu sasa ilikuwa kilo za mbuni. Namba ni namba, hakuna kilichogoma. Aliyeleta kilo 40 za mbuni akakatwa shilingi 40. Aliyekuwa na mkopo na hakuleta mbuni hakukatwa hata senti.

Na nani hulalamika akizidishiwa?

Aliyenishtua ni shangazi, alinipigia simu kuniuliza kwa nini deni lake limeisha ghafla. Nilifungua maelezo ya Java usiku huohuo. Yameandikwa waziwazi kwamba fildi zinazorudishwa hazina mpangilio wowote maalumu. Yaani hata nisingegusa klasi, nilikuwa nikitegemea bahati.

Siku hizi natumia Spring Batch. Ina kiolesura kiitwacho FieldExtractor, chenye kazi moja tu: kupokea objekti na kurudisha arei. BeanWrapperFieldExtractor unaipa orodha ya majina, nayo huyafuata kwa mpangilio uleule ulioandika. Panga klasi utakavyo, faili halitikisiki. Nimeongeza pia mstari wa mwisho wenye idadi ya wakulima na jumla ya makato, upande wa pili uhesabu kabla ya kulipa. Idadi peke yake isingenisaidia. Ya usiku ule ilikuwa sahihi kabisa. Jumla ya makato ndiyo ingepiga kelele.

Chama kilirudisha pesa zake kwa kukata mara mbili msimu uliofuata. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa ameshalipa karo kwa ile ziada, akijua ni haki yake. Nilipopanda matatu kwenda nyumbani nilimkuta ameketi kwa shangazi, risiti zote za cheri mfukoni, akaniomba nimwonyeshe amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea popote, ni mimi. Tukazipitia risiti moja moja hadi chai ikapoa.